Nilivyogoma Kutoka Kaburini Mwako

Nesi Milembe,

Barabara ya kwenda Geita inapitika tena. Naanza nayo kwa sababu ndiyo iliyokuua. Malaria yako ilikuwa ya kutibika, ila maji ya mvua za El Nino yalikuwa yamekata njia, na gari la kukupeleka hospitali likabaki ng'ambo ya mto mpaka ikawa haina haja tena.

Zahanati ya machimbo wameleta tabibu mpya, kijana mpole. Anatoa dawa za kikohozi vizuri. Hajawauliza bado wagonjwa wake wanachomea wapi dhahabu.

Wewe hilo ndilo lilikuwa swali lako la kwanza, kabla ya jina. Siku ya kwanza nilipokuja kutoka gazetini Shinyanga kuandika habari za mashimo yaliyoporomoka, ulinishika mkono ukanipeleka kwa Mama Shija. Jikoni kwake, juu ya jiko la mkaa, kulikuwa na kifuniko cha kopo la maziwa, na ndani yake donge la dhahabu lililochanganywa na zebaki. Zebaki ilikuwa ikigeuka mvuke na kupotea hewani, dirisha limezibwa kwa gunia, na mtoto wake wa mwisho amelala kwenye mkeka hatua chache kutoka motoni.

Nilimwuliza kwa nini asichomee nje. Akanicheka. "Mgeni, dhahabu haichomwi mbele za watu. Jirani akiiona, usiku unaletewa wezi."

Njiani ukanieleza unayoyaona zahanati: mikono inayotetemeka, fizi zilizovimba, watoto wanaobanwa kifua siku mbili baada ya mama kuchoma. Ukaniambia mvua zinazidisha tatizo, kwa kuwa hata wale wachache waliokuwa wakichomea uani wamerudi ndani. Ulikuwa umeshawaambia wakubwa wa afya, umewaambia wa madini, umesimama kwenye mkutano wa kijiji mpaka wachimbaji wakakuita Nesi Kifuniko.

"Sasa andika wewe," ukasema. "Bebe, wewe Mzaramo, si unajua kuandika, au huko kwenu pwani mnafundishwa ngoma tu?"

Nilikujibu kama mtani anavyojibu, kwamba Msukuma akiona karatasi hudhani ni jani la tumbaku. Tukacheka. Halafu nikakwambia kwamba siwezi kuandika kabla ofisi ya madini haijanijibu. Habari ya upande mmoja si habari. Hivyo nilifundishwa, na hivyo nimewafundisha vijana wengi.

Mara ya pili ulipouliza, nilikuwa bado nasubiri. Mara ya tatu hukutania. "Upande wa pili ni mapafu ya mtoto wa Mama Shija," ukasema. "Kayaulize."

Mtoto yule alikufa kabla sijaandika mstari. Sisemi zebaki ndiyo iliyomwua. Hata wewe hukusema, maana hukuwa na kipimo cha kuthibitisha. Uliandika nimonia tu. Ila ofisi ya madini ilikuwa imeshanijibu. Bwana mmoja aliniambia kwenye korido, "Hakuna ushahidi," akaenda zake. Lilikuwa jibu tosha kuchapwa. Nililiita si rasmi nikaendelea kusubiri, kwa sababu kusubiri hakukunigharimu chochote.

Kisha wakaniletea habari zako.

Siku ya maziko kaka yako Masanja alinipokea akasema, "Mtani wetu amefika, kazi ipo." Unajua desturi: mtani huzuia maziko kwa mzaha mpaka alipwe. Watu walikuwa wamechoka kulia, wakataka niwachekeshe. Nikaingia kaburini, nikalala chali kwenye udongo mbichi, nikatangaza kwamba nyumba hii ni yangu na Msukuma atafute nyingine. Wakacheka. Masanja akarusha sarafu ili nitoke. Nikazirusha juu.

"Sitaki hela," nikasema. "Sitoki mpaka kila anayechoma dhahabu ndani ya nyumba aseme hapa, mbele ya marehemu, kwamba ameacha."

Wakacheka tena, kisha kicheko kikakatika. Mwenyekiti wa machimbo akainama ukingoni. "We Mzaramo, toka, mvua hiyo inakuja."

"Inyeshe. Tutazikwa wawili."

Hakuna mtu anayemvuta mtani kaburini kwa nguvu, nawe hungeweza kushushwa nikiwa mle. Matone yalianza kunipiga usoni. Aliyesema wa kwanza alikuwa Mama Shija. "Mie naacha. Nesi, umenisikia? Naacha. Sasa toka humo, mwana wa watu aipate nyumba yake." Baada yake wakaja wengine, mmoja mmoja, kisha wengi kwa pamoja. Baadhi walikuwa wakikimbia mvua tu. Nililijua hilo nikiwa bado nimelala.

Walikupigia makofi, Nesi. Wakanipigia na mimi, na hayo sikuyastahili. Niliyoyatamka shimoni ndiyo uliyoniomba mara tatu nikiwa nimesimama mbele yako, kalamu mkononi.

Makala imetoka, fupi, ukurasa wa ndani. Bwana "Hakuna ushahidi" yumo, mstari mmoja, na hakuna aliyelalamika. Machimboni wamejenga kibanda kisicho na kuta, mbali na nyumba, na wanawake wanalindana kwa zamu wakati wa kuchoma. Lakini juma lililopita nilipita kwa Mama Shija jioni, nikakuta gunia limerudi dirishani. "Mvua, mtani," akasema, bila kunitazama. Shija, mtoto aliyebaki, alikuwa akikohoa nyuma ya pazia. Nikaaga nikaondoka. Ndiyo maana nakuandikia.

Jumamosi narudi, na yule tabibu kijana nitaongozana naye. Nitakapoona dirisha limezibwa nitabisha hodi, niingie, nikae kwenye mkeka pamoja na watoto, niombe chai, na baada ya chai niombe ugali. Hawatachoma dhahabu mgeni akiwa anatazama, na mtani hafukuzwi. Wakichoka nami watabeba kifuniko chao kwenda kibandani. Nitafanya hivyo nyumba hadi nyumba, muda wote nitakaokuwa na miguu.

Wabeja, mayu; asante, mama. Pumzika.

Mtani wako