Daraja la Siku Moja

Jumatatu, 3 Machi

Amekubali! Mbunge wetu, baada ya kunizungusha tangu mwaka jana — leo yuko safarini, kesho yuko kikaoni — anakuja kijijini kwetu Jumamosi. Msaidizi wake, yule ninayemwita Bwana Ratiba, kapiga simu mwenyewe. Muda mfupi tu, kasema. Hotuba moja. Na vumbi lisiwe jingi. Kwani vumbi nalitengeneza mimi?

Bosi kafurahi, kisha kaogopa. Ndivyo alivyo. Kaniita ofisini kwake, feni inalia, chini yetu fundi wa kuchomelea anagonga vyuma vyake, ikabidi tuongee kwa kupiga kelele. Shirika letu si la siasa, kasema. Kazi yetu ni kuwakutanisha wabunge na watu wa vijijini, basi. Nisimuudhi mheshimiwa. Nikaitikia, "Sawa, bosi." Moyoni: thubutu!

Wiki ijayo kamati ya bajeti inakaa, na mwenyekiti ni mheshimiwa mwenyewe. Nataka kitu kimoja: daraja pale kijitoni. Mvua za mwaka jana mke wa seremala alijifungulia ukingoni, maji yamejaa, bati la kliniki analiona ng'ambo kwa macho yake. Mtoto hakuishi. Sasa mdogo wangu ana mimba ya miezi minane, na mvua hizo zinarudi. Naogopa. Nikiogopa nakuwa mkali.

Jumatano, 5 Machi

Nimechoka, naandika kidogo. Nimempigia shangazi alipovuka ng'ambo penye mtandao; ndiye mwenyekiti wa kina mama kule. Kasema nisiwe na wasiwasi, wamejipanga, mgeni atapokelewa mpaka ashangae. Anachekacheka. Sijakipenda hicho kicheko. Shangazi akinyamaza ni shida, akicheka ni shida zaidi.

Ijumaa, 7 Machi

Mungu wangu! Nimeshuka kwenye pikipiki, nikainama nivue viatu nivuke kama siku zote — hakuna maji ya kuvuka! Kina mama wamejaza mawe, wakapanga magogo, wakashindilia udongo, maji yanapita chini kwa chini. Kisha juu wakafagia. Wakafagia!

Shangazi, nikasema, mmefanya nini? Kanitazama kama nimepungukiwa. Mgeni apite kwenye tope? Yeye hakulelewa hivyo, na mimi sikulelewa hivyo, labda nimejifunzia huko mjini. Nikamwambia hilo tope ndilo tunalotaka alione! Alione kwenye picha, kanijibu, si una simu? Na mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikamwambia huyu akipita hapa raha mustarehe, hakuna mwenyeji atakayepona. Kina mama wakaguna. Mdogo wangu kacheka mpaka kashika kiuno.

Halafu mvua ya kwanza tu inayasomba haya yote, nikasema. Wanajua. Wamejenga mara nyingi, yamesombwa mara nyingi. Hili ni la kesho.

Nimekasirika kweli. Lakini wamefanya kazi nzuri, lazima niseme. Kila gogo limekaa sawa.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika hapahapa ukingoni, nimekaa juu ya jiwe, miguu imejaa tope. Nisipoandika nitapiga mtu.

Amekuja. Gari lake mbele, la bosi nyuma, vioo juu. Kapita juu ya magogo anaongea na simu, hata hakujua kuna kijito. Akasimama mbele ya watu: amepita vizuri kabisa, njia inapitika, hongereni sana. Wako wenzenu wenye hali mbaya kuliko ninyi, waanze wao, daraja lenu litasubiri. Bosi akapiga makofi. Bosi wangu! Makofi!

Shangazi naye alikuwa ameshaanza kupiga. Mikono ikabaki hewani. Akasimama, akakaza kitambaa kiunoni. "Mheshimiwa, ile njia tulikutengenezea wewe, jana. Kama hukuiona, basi tunaichukua." Sauti ya chini, adabu tupu. Akaondoka. Kina mama wote nyuma yake, majembe begani.

Mheshimiwa akacheka, akadhani wanakwenda kumchezea ngoma. Mpaka gogo la kwanza likang'oka. Bosi akanifinya mkono: wazuie, la sivyo huna kazi! Nikavua viatu, nikampa ashike. Akashika! Nikaenda nikashika gogo kichwa cha pili, shangazi kashika cha kwanza. Zito hilo! Liwalo na liwe.

Sasa kijito kimerudi kilivyokuwa, maji ya magotini, rangi ya chai. Magari yote mawili yako upande wa kijiji. La bosi pia. Ha! Bwana Ratiba anazunguka na simu juu, anatafuta mtandao. Mtandao uko ng'ambo, baba.

Mheshimiwa kauliza, kwa hiyo mimi napitaje? "Kama sisi, mwanangu," kasema shangazi. "Hapa pana jiwe, pale panateleza. Tutakushika." Kwa upole, kama anamkaribisha chai.

Leo ni siku ya kliniki ya mdogo wangu. Kashuka na kadi yake, kapandisha sketi, kaingia majini. Hajamsubiri mtu. Hatua chache kasimama, mkono mmoja chini ya tumbo, maji yanamsukuma. Mkono wa pili kaunyoosha nyuma. Si kwangu.

"Twende, mheshimiwa. Mimi nimechelewa."

Niliruka nikamshike, shangazi akanivuta nguo, akanikalisha. Mwache, kasema. Ndiyo maana naandika, mikono yangu haina kazi nyingine. Bosi kasimama, viatu vyangu kifuani.

Mheshimiwa kalitazama tumbo. Katazama maji. Kageuka kutazama gari lake.

Sasa ameinama kwenye viatu vyake. Kutoka hapa sioni kama anafungua kamba au anafuta tope tu. Mdogo wangu bado amenyoosha mkono.