Goti Lililozaliwa Gazi

Jumatatu, 6 Oktoba 2025

Kwa masikitiko makubwa, familia ya Mahir wa Mwabungo inatangaza kifo cha kinga yake ya meno, kilichotokea leo asubuhi kinywani mwa mbuzi wa Tsofa. Marehemu alikuwa ametundikwa kwenye kamba ya nguo, hana kazi tangu mwezi uliopita. Ameacha glavu mbili na mjane mmoja, yaani mimi. Mazishi yamekwisha — mbuzi amemeza.

Jirani Tsofa amekuja kuniomba radhi. Nikamwambia haina neno, mbuzi akae nayo, huenda yeye akapata pambano. Akacheka mpaka akashika ukuta. Kisha akalitazama goti langu.

"Na hilo laendeleaje?"

Polepole, nikasema. Nilipomsindikiza nikakumbuka kuchechemea, lakini tulikuwa tumeshafika uani.

Miaka arobaini na nne. Bingwa wa Pwani mara mbili, ngumi na mateke. Leo nimeshindwa na mbuzi.

Jumanne, 7 Oktoba

Basi niandike, maana daftari halitaniletea uji wa mgonjwa. Goti langu halina kitu. Ni zima kuliko la Kahindi. Nimetolewa kwenye pambano la Siku ya Mashujaa kwa sababu ya damu.

Tulipimwa siku moja mimi na Kahindi, kama ulingo unavyotaka: macho, moyo, kichwa, damu. Yeye akatoka safi. Mimi nimekutwa na homa ya ini, ile ya B. Mwenye nayo hapandi ulingoni, maana kule watu huchanika na damu hurukiana.

Nimeandika. Nilidhani nikiandika nitasikia kitu. Hamna. Ni kama kupigwa teke la paja mara nyingi hata paja likawa la mtu mwingine. Unaliona lipo, unasimama juu yake, lakini si lako.

Sasa Kahindi peke yake ndiye atakayeiwakilisha kambi yetu Mombasa, tarehe ishirini. Nimemfundisha tangu hajui kufunga bendeji. Anawaambia watu ushindi wake utakuwa zawadi ya goti la kocha.

Alhamisi, 9 Oktoba

Hotelini Diani. Asubuhi nzima nimewashikia wageni pedi wapige. Mmoja, bwana mnene mwenye roho nzuri, amenipiga kidevu kwa bahati mbaya akaomba msamaha mpaka nikamwonea huruma. Sikusikia maumivu. Nikamwambia ana mkono mzito. Amefurahi sana.

Mama Ikram ameuliza tena habari ya mkeka. Tangu Septemba nalala chini.

"Baba Ikram, ni goti litakalo mkeka, ama ni wewe?"

Goti, nikasema. Akasema basi goti lina adabu kuliko mwenyewe, maana halikoromi. Akanitupia mto.

Elijah wa maabara ya Msambweni alinisisitiza: mke wako mlete apimwe, kisha achanjwe, ni sindano tu. Kila asubuhi namtazama akimimina chai. Nafungua kinywa. Naomba sukari.

Ijumaa, 10 Oktoba

Habari za kuumwa kwangu zimefika mbali. Leo baada ya sala ya Ijumaa kaja Bi Subira, mkandaji, na chupa yake ya mafuta ya habasoda. Nikamwamkia shikamoo, nikanyoosha mguu. Alikanda, akabinya, akakunja, akakunjua. Akaguna.

"Mwanangu, goti kama hili ningekuwa nalo mimi, ningekwenda kuhiji kwa miguu."

Mama Ikram akacheka kule jikoni. Nami nikacheka. Bi Subira hakucheka. Alifuta mikono yake kwa leso, akasema maumivu mengine huwa yamejificha, tusome dua.

Hapo sasa.

Jumapili, 12 Oktoba

Wamesoma. Nyumba nzima, ua mzima. Watu wa msikitini, vijana wa kambi, mpaka Kahindi, Mgiriama wa watu, amekaa mkekani kwa adabu na kofia aliyoazima kwa Tsofa. Ilimfika masikioni.

Maalim Abdulrahman ni mtu wa utaratibu. Hataki dua iende ovyo. Kabla ya kuanza akanigeukia, akauliza mbele ya wote: "Bwana Mahir, tukuombee kitu gani hasa?"

Mlango ulikuwa wazi namna hiyo. Mtu mzima angepita.

"Goti, maalim."

Wakaomba kwa ajili ya goti. Amin zilikuwa za nguvu, za kutikisa mabati. Sijui dua ya namna hiyo hupelekwa wapi. Kiungo hakiumwi, na kimeombewa kama cha mfalme. Labda nitazikwa, goti libaki likitembea.

Kisha yakaja masinia ya wali. Kwenye sinia langu tulikuwa mimi, Kahindi, Tsofa na maalim. Elijah alisema wazi kwamba kula pamoja hakuna dhara, haya ni mambo ya damu. Hilo nalijua. Mkono haukulijua. Nilikaa nikisukuma wali upande wao. Kahindi akanyofoa nyama akaiweka mbele yangu.

"Kula, kocha. Goti halitafuni."

Nikaila. Haikuwa na ladha, na mke wangu hakosei mchuzi.

Jumatano, 15 Oktoba

Jambo la wembe.

Kambi yetu ina desturi, na mwenye kuianzisha ni mimi. Pambano likikaribia, tunanyoana vipara. Mkubwa hujinyoa kwanza, kisha wembe ule ule unawapitia wengine, kichwa baada ya kichwa. Akichanika mtu, tunacheka na kusema: haya, sasa mmekuwa ndugu. Mkubwa ni mimi. Mwaka huu pia ni mimi, goti halimzuii mtu kushika wembe.

Leo nimeshuka Ukunda nimenunua boksi zima la nyembe. Jioni mazoezini nikawaambia kwamba dunia imebadilika, safari hii kila mtu na wake. Nilisema kama mzaha. Mimi husema yote kama mzaha, ndiyo taabu yangu.

Kahindi akalishika boksi, akaligeuza.

"Kocha, umekaa na wageni mpaka umekuwa mgeni. Si wewe uliyesema anayeogopa wembe wa mwenzake asije ulingoni?"

Ni mimi niliyesema. Ulikuwa msemo mzuri, wakauandika ukutani kwa chaki. Bado upo.

"Wembe mmoja," wakasema wote. Boksi nimerudi nalo nyumbani.

Ijumaa, 17 Oktoba

Elijah amepiga simu.

"Mzee, umemleta mama?"

"Kesho."

"Kesho ya lini? Wewe usipaniki, lakini pia usilale." Ni mtu wa bara, huongea haraka, ila ana utu. Kanikumbusha vitu vya kutochangia: mswaki, sindano, wembe. Nikasema naam. Nikasema naam tena.

Nimefanya kazi. Nimeswali. Nimelala mkekani.

Jumamosi, 18 Oktoba

Hamna.

Jumapili, 19 Oktoba

Naandika mchana, na vijana bado wako uani. Niandike yalivyokuwa, yasije yakageuka mzaha.

Walikuja baada ya adhuhuri. Mama Ikram alibandika maji ya kunyolea. Kahindi na vijana wa kambi wakakaa ukutani. Mimi kigodani, kioo kimeegemezwa kwenye ndoo. Boksi la nyembe nililiweka kando, wazi kabisa, huenda mtu akaligusa. Hakuna aliyeligusa.

Nikaanza mimi, kama desturi. Nilipofika juu ya sikio mkono ukateleza. Si sana. Mstari tu, kisha damu ikashuka shingoni.

"Huyo, ndugu wa kwanza huyo," mmoja akasema, wakacheka.

Nikainuka. Kahindi akakaa mahali pangu, akajipaka sabuni mwenyewe, akainamisha kichwa. Kisogo chake kiko mbele yangu. Kina kovu dogo, najua alipolipata. Wembe mkononi, na wekundu wangu juu yake. Nikausuuza kwenye beseni. Maji yakawa na rangi kidogo, halafu hayana. Hivyo tu. Ungesema umekuwa safi.

"Kahindi," nikasema, "goti langu ni zima."

"Dua imekubaliwa!" akasema kwa furaha, bado ameinama. Vijana wakapiga makofi.

Nikangoja wamalize.

"Halikuumwa hata siku moja. Ni damu."

Nikawaeleza. Kwamba siku ile Msambweni Elijah alinivuta kando akaniketisha, akalitaja jina la ugonjwa taratibu, akasema si mwisho wa maisha, watu wanaishi nao, ila ulingo basi. Kwamba nilimshukuru, nikampa mkono, nikapanda gari, na nikawa sisikii kitu, si hofu, si huzuni. Kwamba njiani, pale Gazi, abiria mmoja alinitambua akaniuliza pambano lini, nikamwambia goti linanisumbua. Goti lilizaliwa pale. Sikulipanga. Nilipofika Mwabungo lilikuwa limeshakua, linajulikana na majirani.

Hakuna aliyecheka. Sijazoea.

Kahindi hakuinua kichwa. Alipeleka mkono kisogoni, akaligusa lile kovu.

"Na Aprili? Aprili ulinichana hapa."

"Umepimwa Septemba. Umetoka safi."

"Kwa bahati."

"Kwa bahati," nikasema.

Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayemwuliza mzazi wake: "Mama Ikram anajua?"

Mama Ikram alikuwa amesimama mlangoni na birika la maji ya moto. Sijui tangu lini. Mvuke ulikuwa ukimpanda usoni na hakuugeuzia uso.

Wembe ule nimeukunja kwenye karatasi. Nimeingia ndani, ati natafuta pamba. Pamba nimeipata zamani, ninayo hapa, naibana sikioni na kuandika kwa mkono mwingine. Dirishani nawaona. Vijana wamesimama. Kahindi bado yuko kigodani, povu linamkaukia kichwani. Kesho ana pambano.

Mama Ikram ameweka birika chini. Ameinama, ameokota boksi la nyembe. Anabandua karatasi ya wembe mpya, taratibu, kwa ncha za vidole. Anampa Kahindi. Sasa anatoa mwingine, anampa anayefuata.

Sikio linauma. Kidonda kidogo hivi, kinauma ajabu.

Amemaliza kuwagawia. Boksi amelishika kifuani. Bado hajageuka huku.