Mimi si Señorita

Nizwa, Oman, Jumanne jioni

Siivai ile beji, na meneja nimeshamwambia.

Miaka kumi na tisa nawatembeza ngomeni wageni wa Kihispania na Kireno. Leo asubuhi tumepewa beji mpya, na yangu imeandikwa "Señorita Zuwena". Nikamuuliza meneja kwa nini. Akasema, "Khalti," yaani mama mdogo, "nimetafuta kwenye simu. Asiyeolewa ni señorita."

Nina miaka hamsini na nne. Nikamweleza kwamba hiyo ni sawa na kuniita mwari. Mwanamke mzima huitwa señora, ana mume hana mume, na kwa jina lake ni Doña Zuwena. Wareno husema Dona. Hakuna anayeuliza cheti cha ndoa.

"Zimeshachapishwa," akasema. "Bila beji hutoki na kundi la kesho."

Nikaiweka mezani kwake, nikarudi nyumbani.

Sijidanganyi, niliogopa. Kazi hii naipenda, na kwa umri huu nani ataniajiri... Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hata mimi nisingeivaa."

Alasiri meneja kapiga simu. Kundi la kesho ni la Wabrazili, na hakuna mwengine pale anayejua Kireno. "Haya, khalti, niandike nini?"

Nikamwambia: Dona Zuwena, kwa n ya kawaida, maana ile yenye kiwimbi juu ni ya Wahispania. Nikangoja kwenye simu mpaka alipomaliza kuandika, nikamwambia anisomee.