Mama mkwe ananifuata mlimani na saa niliyomvisha mwenyewe

Shangazi Tabia mpendwa,

Naomba msaada wako, na naomba unijibu katika gazeti la Alhamisi hii, si la wiki ijayo, kwa sababu Jumapili saa nne asubuhi kuna ndege, na ikiondoka kabla sijapata jibu sijui kama nitakuwa bado na mke.

Mimi ni Enos, Mkenya, naishi Kensington, hapa Johannesburg, na mke wangu Rispah na binti yetu Valerie wa miaka saba, kazi yangu ni ya kompyuta katika ofisi moja pale Marshalltown, na nakuandikia kama mtu aliyepanga maisha yake kuliko mtu yeyote unayemjua, maana kila kitu changu kina rangi yake kwenye simu, kijani ni mlima na ndege, buluu ni kompyuta, njano ni nyumbani, na kwa miaka minne rangi hizi hazijawahi kugombana, hasa msimu huu wa majani kuanguka ambao kwangu ndio msimu mkuu, kwa kuwa jua si kali, kile kilima cha mawe nyuma ya mtaa wetu kinapandika vizuri, na mbayuwayu wanajikusanya kwenye nyaya kabla ya kwenda zao kaskazini, nami huwahesabu kila Jumamosi asubuhi na kuwaingiza kwenye jedwali.

Mwishoni mwa mwezi wa tatu akaja mama mkwe kutoka Bungoma.

Shangazi, mimi nimezaliwa Nairobi na kukulia Nairobi, mila za kwetu nilizisikia kwa marehemu baba juu juu tu, lakini hili alilisema akalirudia, kwamba mtu hampi mama mkwe mkono, haketi naye kiti kimoja, na wakikutana njiani mmoja apishe, na mimi ni mtu wa kutii, sasa nyumba yetu ina vyumba viwili, choo kimoja na korido moja nyembamba kama mkono wa shati, utapishana wapi? Mtu mwingine angekata tamaa, mimi nilifungua kompyuta. Nilitengeneza ratiba ya jikoni, ya choo na ya sebule, nikafunga vihisio kwenye milango, halafu kwenye korido nikaweka robot, taa kabisa ya nyekundu na kijani kama zile za barabarani, ili mama akiwa koridoni kwangu iwake nyekundu nisitoke, na kwa ajili ya nje ya nyumba nikamvisha mama saa ya kuhesabu hatua, nikamwambia kupitia kwa Rispah kwamba ni ya presha, kumbe inanionyesha kwenye simu mahali alipo, kwa nukta ya zambarau.

Ilifanya kazi, Shangazi, kwa siku kumi na tisa sikukutana na mama mkwe hata mara moja, tukiwa tunakula sufuria moja.

Kisha umeme ukakatwa kwa zamu ya mtaa wetu, saa kumi na mbili jioni, nami ndiyo kwanza natoka kuoga na taulo, robot ikazimika, nikasikia ndara za mama zinakuja, sikuwa na njia nyingine ila kuingia kwenye kabati la mashuka, na mama badala ya kupita akaleta kiti na mshumaa, akaketi palepale akaimba tenzi kwa muda wa saa mbili na nusu mpaka umeme uliporudi, halafu nikamsikia akimwambia mke wangu, "Rispah, kabati lenu lina kikohozi. Lichemshie tangawizi." Na kweli Rispah alileta tangawizi, akaiweka sakafuni mbele ya kabati, akaondoka.

Tangu hapo nikaongeza saa za kijani, nikawa mlimani kila asubuhi kabla ya kazi na Jumamosi nzima, na huko ndiko yalikonikuta makubwa, kwa sababu mama mkwe naye ameanza kupanda mlima. Nakaa juu ya jiwe langu nahesabu ndege, nikitazama simu naona nukta ya zambarau inatoka nyumbani, inapita dukani, inakata kona, inakuja, nami nakusanya vitu vyangu nashukia upande wa pili, naye akifika pale juu nukta inatulia muda mrefu, halafu inarudi nyumbani polepole. Jumamosi tatu sasa. Firmin, mlinzi wa kona yetu, Mkongo wa Lubumbashi, akanisimamisha akaniambia, "Papa Enos, ule mama anapitaka hapa kila samedi, ananiulizaka, mukwe yangu alipita njia gani? Minamuonyesha. Nilifanya mubaya?" Nikajua papo hapo kwamba mama anataka kunishinda hatua, na amenishinda, wiki iliyopita alifikisha elfu kumi na nne kwa siku, mimi elfu tisa, mwanamke wa miaka sitini na saba mwenye ndara! Nakiri mbele yako kwamba liliniuma.

Usidhani nimepuuza nyumba, Shangazi. Rispah aliandika kwenye orodha yetu tangu mwezi wa kwanza, "Blanketi, mama akija," nami siachi kazi ikae, nikalinunua mwezi wa pili, blanketi zito la sufu, jekundu lenye mistari myeusi, nikaweka alama ya kukamilika, na kwa kuwa blanketi katika mpangilio wangu liko chini ya vifaa vya nje, nikaliweka kwenye mkoba wa mlimani, na nakuambia jiwe la asubuhi mwezi huu bila kitu cha kukalia huwezi. Sijui kwa nini Rispah akiliona linaning'inia kwenye mkoba anageuka ukutani. Mama naye halali vizuri, analala na koti, tulimpa mablanketi mawili ya nyumbani akayakataa, akasema lake linakuja, nami nikaandika kwenye njano, "Kukagua hita."

Jumatatu Rispah aliniita jikoni, nje ya ratiba, akaniambia, "Enos, mama amefunga mzigo. Ameniambia, 'Huyo mwanaume wako ananionea haya, basi mimi nirudi Bungoma na aibu yangu.' Na mimi nimekata tikiti mbili zaidi, yangu na ya Valerie. Sikuolewa na ratiba." Nikamuuliza tatizo hasa ni nini ili niliingize, akasema, "Kama hulijui, hata nikikwambia utalipaka rangi." Na mtoto yuko upande wao, ananiambia Gogo, ndivyo watoto wa huku wanavyomwita bibi, ataondoka na Baba hajui hata sauti yake.

Shangazi, nimekwama. Nipunguze lipi, mlima, kompyuta au mpangilio? Naambatanisha jedwali lenye saa zangu za wiki. Tafadhali jibu kwa hatua zenye nambari na muda wa kila hatua. Jina langu usilifiche, kwa robot ile hata ukiniita Juma watanijua.

Ni mimi Enos, Kensington.

JIBU LA SHANGAZI TABIA

Enos mwanangu, jedwali lako nililichapisha, asante, lilikuwa refu, nimefungia vitumbua. Hatua zenye nambari sikupi. Ukipewa nambari utazipaka rangi.

Nimeisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka chai ikanipalia. Mara ya pili nilimwona mama wa miaka sitini na saba, mgeni, amelala na koti kwenye baridi hii ya Johannesburg huku blanketi lake limekaliwa na makalio ya mkwewe juu ya jiwe, nikaacha kucheka.

Sasa nisikilize. Mimi ni mtu wa Tanga, mambo ya mkwe wa Bungoma siyajui, na kwa kuwa siyajui nikafanya jambo ambalo wewe na vihisio vyako hamkulifanya kwa siku zote hizo: niliuliza. Nina jirani, Mama Nekesa, mtu wa hukohuko. Nilimsomea barua yako kwenye simu, akaangusha simu. Alipoiokota akaniambia hivi: ni kweli mkwe na mama mkwe kwao hawashikani mkono, na ni kweli hupishana. Lakini haiwi hivyo milele. Siku moja mkwe hushika blanketi kwa mikono yake mwenyewe, akamfunika mama mabegani mbele ya mtu wa nyumbani, na kuanzia hapo wanasalimiana, wanakaa, wanakula. Baba yako alikufundisha kufunga mlango, Mungu akamchukua kabla hajakuonyesha ufunguo. Hilo si kosa lako. Kosa lako ni kwamba ufunguo ulinunuliwa, ukaulipia, ukaukalia.

Unafikiri mama alisafiri kutoka Bungoma kuja kuangalia nini, majani ya Kensington? Rispah alikuandikia tangu mwezi wa kwanza. "Blanketi, mama akija." Maneno matatu! Mke wako alidhani anaongea na mtu wa kwao anayejua. Akangoja. Siku zikapita, akaliona limefungwa kwenye mkoba na darubini, akageuka ukutani. Alifanya makosa naye, na hapa namwambia, Rispah binti yangu, mume wa namna hii haambiwi kwa fumbo, huambiwa kwa kipaza sauti. Lakini ninamwelewa. Blanketi la kuomba kwa kulilia halina joto.

Na mama hapandi mlima kwa ajili ya mazoezi, Enos. Hatua elfu kumi na nne! Mtu haendi hivyo kwa ndara ili amshinde mkwe kwenye saa ya presha. Anakutafuta. Alikutafuta kwenye kabati, akakuwekea kiti na tenzi akingoja utoke mwenyewe kwa hiari yako. Alikutafuta mlimani Jumamosi tatu, akakuta jiwe lako bado lina joto. Firmin kamwelewa kwa swali moja. Wewe mwenye nukta ya zambarau ulimwona anakuja hatua kwa hatua, ukashukia upande wa pili. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, nami nilikuwa nikidhani wametia chumvi.

Unauliza upunguze lipi. Usipunguze kitu. Mlima ni mzuri, mtu anayehesabu mbayuwayu hana ubaya moyoni, na ule mpangilio wako ningeuomba mimi kwa ajili ya jiko langu. Ubaya ni kwamba vyote vitatu umevigeuza kuwa mahali pa kujificha. Ulisema unatii mila. Heshima ya mkwe ni kumpisha mtu njia ili apite, mwanangu. Wewe umempisha mpaka anapita peke yake kwenye nyumba ya binti yake.

Basi fanya hivi. Leo ni Alhamisi. Leo hii ng'oa ile robot. Kesho lifue blanketi, litakuwa na majani na sijui na mavi ya ndege gani, na lianikwe likauke, sufu haikauki upesi msimu huu. Mwombe Rispah msamaha kwa sentensi fupi: "Sikujua. Sasa najua." Usiongeze neno, usimwonyeshe mchoro. Tikiti zake usizitaje, ataamua mwenyewe akishaona.

Jumamosi asubuhi panda mlima kama kawaida, ukiwa na Rispah na Valerie, kwa sababu jambo hili lahitaji watu wa kuliona. Simu iache nyumbani. Mama atakuja, Firmin atamwonyesha njia. Utasikia ndara kwenye mawe kabla hujamwona. Utatamani kukimbia, miguu yako imezoea. Simama. Hakuna kabati pale juu. Likunjue blanketi, mfunike mabegani, na mkono wake ukija, upokee. Kisha shukeni nyote kwa upande mmoja, yeye atangulie, maana kwa hatua amekuzidi na hilo likubali tu.

Na ile alama ya kukamilika uliyoiweka mbele ya neno blanketi tangu mwezi wa pili, nenda kaifute. Utairudisha mama akishalala bila koti.