Mgongo wa Mkamwana

Jumatatu, 3 Juni
Uji tena. Wa tatu leo. Umepoa, una utando juu. Nimeumwaga dirishani, kwenye migomba. Tangu turudi kutoka Dar wamenikalisha kwenye kiti hiki na blanketi mbili, kama maiti anayesubiri jeneza. Nje ukungu, ndani moshi, maana mke wangu kaniletea jiko la mkaa nisipate baridi. Mtu ana uvimbe kwenye pafu, anawashiwa mkaa. Akili hizo!

Niandike nilichoambiwa kabla hawajanichanganya. Saratani. Pafu la kulia, juu. Ndogo, haijatambaa. Daktari wa upasuaji alitaja njia tatu. Kutoa pande zima la juu la pafu. Au kukata kipande chenye uvimbe tu, mzigo mdogo kwa mzee, ila ugonjwa unaweza kurudi. Au mionzi, bila kisu. Miaka yangu sabini na sita hakuishangaa. Alitaka kujua pumzi yangu tu. Baada ya wiki tano atanipandisha ngazi, ghorofa tatu. Nikishindwa, kisu hakuna. Kaniambia niache sigara, nitembee kila siku, na nivute pumzi kwenye kidude cha plastiki chenye kimpira kinachopanda.

Mimi nataka kitolewe. Kuishi na kitu kilichooza ndani yangu siwezi.

Jumatano, 5 Juni
Kaka Gwakisa kaja kutoka Matwebe kunijulia hali. Hali gani! Kala kuku karibu wote, kajifuta mdomo, kisha kamgeukia mwanangu Lusekelo: mzee wa umri huu kupasuliwa wa nini, mwacheni apumzike. Mbele yangu! Lusekelo anatikisa kichwa, ndiyo baba mkubwa, ndiyo. Nimewatazama wote wawili kwa kinyaa.

Miaka thelathini na moja nilikuwa mkaguzi wa majani ya chai. Jani likikomaa, nakataa gunia zima. Watu wamelia mbele yangu. Nikawaona wapumbavu.

Ijumaa, 7 Juni
Sigara mbili. Chooni. Nikakohoa mpaka nikashika ukuta. Makohozi ya kijivu. Najichukia.

Jumapili, 9 Juni
Atupele, mke wa Lusekelo, ni muuguzi wa zahanati. Miaka kumi na tisa yuko kwenye nyumba hii na sijapata kumtazama usoni. Ndivyo tulivyolelewa sisi Wanyakyusa: mkamwana hakai chumba kimoja na baba mkwe, hali naye, hamsemeshi. Wa mjini wameacha. Mimi sikuacha. Nikiingia, yeye anatokea mlango wa nyuma.

Leo, nimetoka kanisani, kasimama nyuma ya ukuta wa jikoni na kumwambia mke wangu kwa sauti ya kusikika hadi mtaa wa pili: "Mama, mle chooni kuna panya anavuta sigara. Na huyo panya akiendelea kukaa kwenye kiti, miguu italegea, pumzi itakwisha, ngazi hataziweza. Mnamlea mpaka mnamuua."

Mke wangu kacheka. Mimi nimeona aibu hadi masikio yakawaka. Pakiti nimeitumbukiza shimoni.

Alhamisi, 13 Juni
Alfajiri nimesikia ndoo ikigongwa nje ya dirisha. Mara tatu. Atupele, kitenge cha njano, kanipa mgongo. Kaanza kupanda kilima. Nikaelewa. Nimevaa mabuti, nimemfuata, hatua ishirini nyuma. Haangalii nyuma. Ila nikisimama kuhema, naye anasimama. Anasikiliza pumzi yangu, huyu mwanamke!

Nimefika nusu. Nimetapika kwenye majani ya chai ya mtu. Ovyo kabisa.

Alhamisi, 20 Juni
Nimefika kwenye mti wa tatu, kupita nusu ya kilima. Kimpira kinapanda, kinakaa kidogo. Gwakisa kaniona njiani, kamwambia Lusekelo natia aibu ukoo, nafuata mke wa mwanangu vilimani. Lusekelo kanijia, macho chini: baba, watu wanasema. Nimemwambia watu wakafie mbele. Mwanaume mzima, hajawahi hata kuniuliza mimi nataka nini.

Jumamosi, 29 Juni
Juu kabisa. Nimesimama mara moja tu. Sigara sijagusa siku ishirini. Naziota. Uchafu ule.

Jumanne, 9 Julai
Dar. Joto, jasho, harufu ya dawa. Mke wangu kabaki nyumbani Bulyaga, goti lake halimruhusu safari. Kwenye ngazi nimeogopa, nisiseme uongo. Atupele katangulia, kitenge kilekile. Nimeukazia macho ule mgongo. Ghorofa ya kwanza. Ya pili, kifua kinawaka. Kasimama. Nikahema. Kaendelea. Ya tatu.

Daktari kasema uvimbe uko pembeni, kipande kitatosha, pafu lililobaki nitalihitaji. Atapitia matundu madogo, na kamera. Lusekelo kataka kuipigia simu familia kwanza. Nimemnyang'anya kalamu, nimesaini mwenyewe.

Jumamosi, 13 Julai
Kipande kimetoka juzi. Mpira umechomekwa ubavuni, unatoa maji mekundu. Wanataka nikohoe, la sivyo pafu litajaa nimonia. Kukohoa ni kama kuchanwa upya. Lusekelo kashika beseni, kaona kilichotoka, kaziba pua, kakimbilia nje. Mwanangu, damu yangu mwenyewe!

Nikagoma. Nikabana makohozi siku nzima. Jioni homa. Muuguzi kagomba, nimegeukia ukuta.

Halafu Atupele kaingia. Chumba kimoja nami. Kaja upande wa ukuta, mbele yangu, kanitazama usoni. Ana kovu juu ya nyusi. Sikujua. Kanibana mto kifuani kwa mikono yote miwili: "Baba, kohoa. Mimi sioni kinyaa."

Nimekohoa. Mikononi mwake, kwenye kitenge chake, kila mahali. Nimelia kama mtoto. Kanifuta mdomo.

Jumapili, 28 Julai
Nyumbani. Ukungu. Barua ya maabara inasema kingo za kipande ni safi, hazina saratani. Nitapimwa tena baada ya miezi kadhaa. Natembea taratibu.

Gwakisa kaja baada ya ibada. Kamkuta Atupele sebuleni, kakaa mkabala nami, ananimiminia chai. Kasonya. Kasema nimezeeka vibaya, nimetupa mila. Nimemwambia kiti kipo, chai ipo. Kachukua kikombe chake, kaenda kunywa uani, kwenye manyunyu.

Sisi tumekunywa ndani. Majani yalikuwa makomavu, nimeyajua kwenye funda la kwanza. Nimemwambia Atupele ndaga, asante, mwanangu. Nimenywa chote, nikaomba kingine.