Pointi Zangu Zimeiva

Asha mdogo wangu, hujambo wewe na vizibo vyako vya soda? Bado unaisubiri ile baiskeli ya zawadi?

Kasulu ni mvua na baridi. Mama Joziane, mwenye gesti, alisikia wageni wakisifu hoteli za kwao zinazotoa pointi, naye akaanzisha zake: kila nikilala, punje moja ya harage kwenye kopo lenye jina langu. Zikifika kumi, nalala bure.

Jana zilitimia. Leo dada yake aliyetoka Munanila kaona makopo yetu, kayamimina yote chunguni akidhani ni mboga.

Mama Joziane akanisogezea sahani ya maharage na ugali wa muhogo. "Mwalimu, kula usingizi wako."

Nimeshiba, na chumba nimelipa. Vizibo vyako viweke mbali na jiko. Mbusu mama, na ukishinda baiskeli uje unichukue.

Kaka yako, Saidi