Mutoto wa mu Kitenge

Bénédicte, niko najificha mu jikoni, nacheka peke yangu.

Unajua binti yangu Natacha iko na hepatiti, ule ugonjwa wa maini, mu damu. Muganga alisema mutoto akizaliwa, siku ile ile achomwe sindano, mama yake asimuambukize.

Amezaa leo asubuhi, hapa Burungu, kwa wakwe. Na mama mukwe wake akakaa mu mulango: "Kitovu haiyaanguka, mutoto hatoki."

Nikamubembeleza, nikamuelezea ile sindano. Akakatala.

Alipoenda kuangalia ngombe, nikafunga kibuyu ya maziwa mu kitenge, nikailaza pembeni ya Natacha. Mutoto nikamuficha mu koti yangu, mbio mpaka centre de santé, kwa muganga. Akachomwa.

Sasa kitendawili: mutoto gani halii, na nyanya yake anamuimbia? Kibuyu, Bénédicte. Nimerudi, nakuta mama ule anaipigapiga polepole, anaiimbia. Natacha amejifunika blanketi, anatetemeka na kicheko.

Njo pale mutoto akalia mu koti yangu.

Mama mukwe akaangalia koti. Akaangalia kibuyu.

"Mwizi wewe. Sindano imeingia?"

"Imeingia."

Akanipokonya mutoto, akanitupia kibuyu: "Wako huyu, munyonyeshe. Sindano yenye kufuata, nitamupeleka mimi."